Ufunguo wa Kukunja: Historia ya Kitu Kidogo cha Mfukoni, Ikitazamwa kutoka Rumonge

Katika masomo yetu ya historia tumezoea kuanza na wafalme, mikataba na vita. Insha hii inaanza na kitu kinacholala mfukoni: ufunguo wa gari. Kwa usahihi zaidi, inahusu kazi moja ndogo ambayo mafundi wa kando ya barabara wanaifanya Rumonge, kama wenzao wa Bujumbura, Kigoma na Dar es Salaam. Wanauvua ufunguo wa kawaida kava lake na kuuvisha kava la kukunja, lile ambalo ukibonyeza kitufe, chuma chenye meno kinachomoka kama kisu cha springi.

Wengi huiona kazi hiyo kuwa ni mapambo. Kijana ana gari kuukuu la Toyota lililotoka Japani kwa meli, naye anataka ufunguo wake ufanane na wa gari jipya la Kijerumani. Mapambo yamo, sikatai. Lakini hoja yangu ni kwamba kazi hiyo inatuonyesha mpaka ambao historia imeuchora katikati ya kitu kimoja. Upande mmoja wa mpaka kuna mambo ambayo mikono ya hapa bado inayaweza: chuma, kava, pini na springi. Upande wa pili kuna siri iliyoandikwa kiwandani, ambayo mikono hiyo inaweza kuihamisha lakini haiwezi kuitengeneza. Nitaonyesha jinsi mpaka huo ulivyotokea, na kwa nini unamhusu mtu anayeishi kwa gari kwenye barabara ya Rumonge na Bujumbura.

Maneno kabla ya chuma

Kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha, tuanze na lugha. Kiswahili kina vitenzi viwili pacha, kufunga na kufungua, na kutoka hapo tukapata ufunguo. Kirundi, kwa mlango, kina kwugara na kwugurura. Lakini kina pia gufungura, kitenzi ambacho mbali na kufungua kinatumika kwa adabu kumaanisha kula. Chakula ni ibifungurwa. Mswahili naye, jua likizama katika mwezi wa Ramadhani, hufungua. Katika lugha zote mbili zinazosikika sokoni Rumonge, basi, kufungua kuko jirani na riziki. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini.

Kufuli, kwa upande wake, ni neno lenye asili ya Kiarabu, qufl, na asili hiyo inatuelekeza kwenye njia ya biashara. Katika karne ya 19 Ujiji, ulio kusini yetu kwenye ufuko huuhuu wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, ulikuwa mji wa wafanyabiashara wa nguo, chumvi, pembe za ndovu na watumwa. Mtu anayesafirisha mali yake kwa mtumbwi anahitaji sanduku, na sanduku linahitaji kufuli. Rugo la Kirundi la zamani halikuwa na haja hiyo kwa namna ileile. Lilizungushiwa uzio, mlango ukazuiwa kwa ndani, na ulinzi wa kweli ulikuwa watu waliolala humo. Kufuli ni chombo cha mtu anayeacha mali yake bila mtu. Linakuja pamoja na safari, ghala na duka.

Mtaa wa Waswahili wa Rumonge ni tunda la njia hiyo. Wazee wa mtaa wana asili ya Ujiji, Manyema na kwingineko, na kazi zilizowapa jina ni biashara, ushonaji, uashi, na baadaye gari.

Gari lisilo na ufunguo

Inashangaza kidogo kwamba gari lilianza bila ufunguo wa kuwashia. Magari ya mwanzo yaliwashwa kwa mkono wa chuma uliochomekwa mbele ya injini na kuzungushwa kwa nguvu. Injini ikirusha mkono huo nyuma ghafla, iliweza kuvunja mfupa. Katika magari yake ya mwaka 1912, Cadillac iliweka stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Hata hapo, ufunguo ulipokuwepo ulikuwa wa kuruhusu umeme tu, na stata ilikuwa na kitufe au pedali yake. Ni Chrysler, mwaka 1949, iliyounganisha mambo hayo mawili: unazungusha ufunguo, umeme unapita na stata inapiga. Ishara tunayoiona ya zamani sana, mkono wa shoferi ukizungusha ufunguo, ina umri mdogo kuliko babu zetu.

Kwetu gari lilikuja na utawala wa Wabelgiji, waliowaondoa Wajerumani mwaka 1916. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Kwa mkataba wa tarehe 15 Machi 1921 Uingereza iliwapa Wabelgiji maeneo ya kupitishia mizigo katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Bahari, reli, kisha ziwa: hiyo ikawa njia kubwa ya kuifikia Usumbura, jina la zamani la Bujumbura. Hadi leo sehemu kubwa ya bidhaa za Burundi hupitia Dar es Salaam, magari yakiwemo.

Pamoja na gari likaja neno la Kifaransa ambalo lugha zetu zimelimeza: shoferi. Katika mitaa ya Waswahili ya mwambao huu, ushoferi na umakanika ukawa miongoni mwa kazi za heshima. Hapo ndipo tunaukuta utengano ambao utadumu hadi mwisho wa insha hii: mwenye gari ni mmoja, mwenye ufunguo mchana kutwa ni mwingine. Shoferi hupewa ufunguo asubuhi na kuurudisha jioni. Ukiwa mkononi mwake ana kazi. Akinyang'anywa hana haja ya kuandikiwa barua.

Meno na tupa

Ufunguo wa enzi hiyo ulikuwa chuma kitupu, na siri yake ilikuwa umbo lake. Wazo lenyewe ni la kale. Wamisri wa zamani walikuwa na komeo la mti lenye vijiti vinavyodondoka kwenye matundu na kulizuia. Ufunguo wa mti wenye meno uliviinua vijiti hivyo vyote kwa pamoja, komeo likateleza. Mmarekani Linus Yale Mdogo alilirudisha wazo hilo kwa chuma na springi ndogo katika kufuli alilolipatia hataza mwaka 1861. Kufuli la gari linafuata kanuni hiyohiyo, ila mahali pa vijiti lina vipande bapa. Kila jino la ufunguo lina kina chake, na kila kipande bapa kinangoja kina hicho na si kingine.

Siri iliyo katika umbo ina tabia moja muhimu: inaonekana. Kinachoonekana kinaweza kunakiliwa. Fundi wa kuchonga funguo hahitaji kibali cha kiwanda. Anahitaji jiliwa, tupa, ufunguo wa mfano na jicho zuri. Anaubana ufunguo wa zamani pamoja na chuma kisichochongwa, bega kwa bega, kisha anashuka na tupa hadi meno yalingane. Mashine ya kuchongea imemrahisishia kazi, lakini haikubadilisha akili yake.

Wanahistoria tutamwelewa fundi huyu haraka, kwa sababu tatizo lake ni tatizo letu. Ufunguo uliotumika miaka 15 umelika, na meno yake si yale yaliyotoka kiwandani. Ukichonga nakala kutoka kwake, unanakili na ulikaji wake. Ukichonga nakala ya nakala, makosa yanajumlishana, na siku moja kufuli linakataa. Fundi mzuri huuliza kama upo ufunguo wa akiba ambao haujatumika, kama vile mhariri wa utenzi anavyotafuta hati ya zamani zaidi kabla ya kuiamini iliyo mbele yake.

Kufuli likibadilishwa

Kabla ya kuingia enzi ya chipu, sina budi kusema neno kuhusu funguo za nyumba, kwa sababu Rumonge neno ufunguo halikumbushi gari tu.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza kusini mwa nchi, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa miongoni mwa sehemu zilizoguswa kwanza. Watu wengi waliuawa, kisha ukandamizaji uliofuata ukaua wengi zaidi nchi nzima. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, na wengi wakawekwa katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Nyuma yao nyumba na mashamba ya michikichi yalipata wakazi wengine. Waliporudi, wengi wao baada ya zaidi ya miaka 30, mwambao huu ukawa mojawapo ya sehemu zenye kesi nyingi za ardhi, na Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, ikapata kazi nzito hapa.

Silinganishi msiba huo na habari za magari. Nauleta kwa sababu unafundisha kanuni ambayo ufundi wa kufuli pia unaijua. Ziko njia mbili za kumnyima mtu mlango wake. Ya kwanza ni kumnyang'anya ufunguo. Ya pili ni kumwachia ufunguo na kubadilisha kufuli. Kwa njia ya pili mtu anabaki na chuma kilekile, chenye meno yaleyale, lakini hakuna kinachokitambua. Ufunguo peke yake haujawahi kuwa mamlaka. Mamlaka ni makubaliano kati ya ufunguo na kufuli. Mzee wa Rumonge anaelewa jambo hili bila kuelezwa. Gari la kisasa limelifanya kuwa kanuni ya umeme.

Ufunguo unaotambuliwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wizi wa magari uliongezeka sana Ulaya. Kampuni za bima za Ujerumani zikashinikiza, na kuanzia mwaka 1995 magari mapya huko yakaanza kuwekewa kizuizi cha injini cha umeme. Umoja wa Ulaya ukafuata kwa sheria: kuanzia Oktoba 1998 kila gari jipya la abiria lilitakiwa kuwa nacho.

Kizuizi hicho kinafanya kazi hivi. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu ndogo, katika funguo nyingi haizidi ukubwa wa punje ya mahindi, isiyo na betri. Kuzunguka tundu la kuwashia kuna koili ya waya. Ukiingiza ufunguo, koili inatoa sumaku inayopanda na kushuka zaidi ya mara laki moja kwa sekunde; sumaku hiyo inaipa chipu umeme wa kutosha kujitambulisha. Kompyuta ya gari inalinganisha jibu na kumbukumbu yake. Likilingana, mafuta na cheche vinaruhusiwa. Lisipolingana, stata inaweza kupiga kutwa nzima na injini isishike, au ikashika kwa sekunde moja na kuzimika.

Rimoti ni kitu kingine, ingawa inakaa katika kava hilohilo. Yenyewe ina betri, nayo hufunga na kufungua milango kwa redio. Gari la Renault Fuego la mwaka 1982 lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuuzwa nayo. Mbuni wake aliitwa Paul Lipschutz, na kutokana na jina lake Wafaransa wanaiita plip hadi leo. Rimoti za kwanza zilirudia neno lilelile kila mara, na mwizi mwenye kinasa aliweza kulirudisha. Dawa ya tatizo hilo ilitoka kwa sehemu kubwa katika bara letu: katika miaka ya 1980 kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini ilitengeneza mfumo wa KeeLoq, ambapo neno la siri hubadilika kila kitufe kinapobonyezwa. Mwaka 1995 kampuni ya Marekani ya Microchip iliununua kwa dola milioni 10, na mfumo huo ukaenea katika magari mengi duniani. Tunaosema kwamba Afrika inapokea tu teknolojia tuukumbuke mfano huu; na tukumbuke pia ulivyouzwa.

Tuone sasa maana ya mabadiliko haya kwa fundi wa tupa. Siri imehama kutoka kwenye umbo, linaloonekana, na kuingia kwenye chipu, isiyoonekana. Anaweza kuchonga ulimi wa chuma sawasawa kabisa, milango ikafunguka, tundu likazunguka, na gari lisiwake. Nakala iliyo kamili kwa macho ikawa si kitu. Si kwamba siri za kiwanda hazivunjiki. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara za RSA waliivunja chipu ya Texas Instruments iliyotumika katika magari mengi, yenye siri ya biti 40. Lakini walihitaji kompyuta na hisabati ya juu. Tupa haifiki huko.

Kava jipya

Ufunguo wa kukunja ulienezwa na Wajerumani katika miaka ya 1990. Mercedes-Benz na Volkswagen ni kati ya majina yaliyoujulisha. Sababu yake ilikuwa ya kawaida tu. Mara chipu na rimoti zilipoingia, kichwa cha ufunguo kilinenepa, na chuma kirefu kilichobaki nje kilitoboa mifuko. Kukikunja ndani ya kichwa kulipunguza urefu. Baadaye viwanda vya China vikaanza kutengeneza makava matupu ya kukunja kwa ajili ya karibu kila aina ya gari. Kava tupu halina chipu wala rimoti: lina plastiki, vitufe, springi, na ulimi wa chuma usiochongwa.

Nilijifunza kazi yenyewe kwa kuketi karibu na fundi mmoja wa Rumonge, ambaye alikuwa akiubadilisha ufunguo wa gari la baba yangu mdogo. Gari hilo la Toyota huchukua abiria na ndoo za mawese kwenda Bujumbura, kilomita 75 hivi kwa barabara ya taifa namba 3, na wakati mwingine hurudi na bidhaa za duka. Kava la zamani lilikuwa limepasuka na kufungwa mpira. Naeleza hatua zake kwa mpangilio, kwa sababu mpangilio ndio elimu yenyewe.

Kwanza, fundi anajua kama ufunguo una chipu au hauna. Magari mengi ya zamani ya Japani hayana. Alikifunga kichwa cha ufunguo kwa karatasi ya alumini na kujaribu kuwasha. Injini ilikataa, kwa hiyo chipu ilikuwemo. Pili, alilifungua kava kuukuu taratibu kwenye mshono. Katika baadhi ya funguo chipu iko juu ya kibao cha rimoti. Katika nyingine imezikwa kwenye plastiki karibu na shina la chuma, na wembe ukiteleza imekwisha. Tatu, alikihamisha kibao cha rimoti pamoja na betri yake, akaketisha chipu katika kishimo chake na kuishika kwa tone dogo la gundi. Nne, alichonga ulimi mpya kwa kufuata ule wa zamani, akiangalia bega, kwa maana ulimi ukiingia milimita moja zaidi au pungufu meno yote yanakosa nafasi zake. Tano, aliingiza ulimi kwenye kichwa chake cha kuzunguka na kuupigilia pini nyembamba. Mwisho, kabla ya kufunga, aliizungusha springi ili ibane. Springi isipobanwa, ulimi hutoka kivivu na kuning'inia.

Nilimuuliza ni kosa gani analoliona mara nyingi. Hakuacha kazi yake.

"Watu wanabadilisha kava wenyewe nyumbani," alisema. "Wanafurahia ulimi kuchomoka, lile la zamani wanalitupa jalalani. Kesho yake gari haliwaki, wananiletea. Namuuliza, kaka, kava la zamani liko wapi? Ananiambia, mzee, nimetupa. Basi ndani ya kava lile ndimo ulimokuwa ufunguo. Huu alionao ni kisu tu."

Maneno haya yanastahili kuwekwa karibu na yale niliyosema kuhusu kufuli. Kwa fundi wa tupa wa miaka ya 1960, ufunguo ulikuwa chuma na kichwa chake kilikuwa mahali pa kushikia. Kwa fundi wa leo chuma ni mahali pa kushikia, na ufunguo ni kile kilichokuwa kichwani. Istilahi imegeuka juu chini, na neno limebaki lilelile.

Nini kiko hatarini

Msomaji anaweza kuuliza: haya yote yana uzito gani? Nijibu kwa hesabu ya nyumbani, bila tarakimu. Baba mdogo si mwenye gari. Kila jioni anapeleka hesabu ya siku kwa mwenye nalo, na kinachobaki ndicho chakula cha nyumba mbili. Ufunguo ni mmoja tu. Gari lilipotua Dar es Salaam lilikuwa na huo mmoja, kama magari mengi yanayonunuliwa kuukuu. Ukizama ziwani, ukikanyagwa na lori, au chipu yake ikivunjika wakati wa kubadilisha kava, tupa haitasaidia. Katika magari mengi ya Toyota ya miaka hiyo, ukibaki na ufunguo mkuu mmoja unaweza kuifundisha kompyuta ya gari kukubali mwingine. Lakini ukipoteza zote, kompyuta hiyo inabidi itolewe na kumbukumbu yake iandikwe upya na mtu mwenye mashine. Siku zinazopotea hapo hesabu bado inadaiwa. Hapa ndipo gufungura ya Kirundi inapopata maana yake kamili: gari lisipofunguka, chungu nacho hakifunguki.

Kuna jambo la pili, nalo ni uaminifu. Katika miaka hii ya uhaba wa mafuta, gari linaweza kulala kwenye foleni ya kituo, na ufunguo ukapita mikono kadhaa: shoferi, konda, kijana anayesukuma gari foleni inaposogea. Kila mkono ungeweza kuunakili ufunguo wa chuma kitupu. Ufunguo wa chipu hauruhusu hilo kirahisi, na mwenye gari analala usingizi. Lakini usalama huohuo ndio uliomfanya shoferi kuwa tegemezi zaidi. Zamani aliweza kuchongesha ufunguo wa akiba kwa pesa ya chai na kuufunga kwenye chesesi. Leo akiba inahitaji chipu, mashine na idhini. Kizuizi kilichobuniwa kuwazuia wezi wa Ulaya kimemfikia mtu ambaye tatizo lake halikuwa wizi.

Najua pingamizi mbili. Ya kwanza inasema kwamba ufunguo wa kukunja ni dhaifu kuliko ule ulionyooka. Ni kweli. Nguvu yote ya kuzungusha tundu hupitia pini nyembamba na kiungo cha plastiki, na tundu likiwa kuukuu na zito, kiungo hulegea. Fundi mwaminifu humwambia mteja alainishe tundu kwanza. Pingamizi ya pili inasema kwamba kubadilisha kava si ufundi, ni kuhamisha tu vitu vilivyotengenezwa na wengine. Hii nina shaka nayo. Kujua kipi kihamishwe na kipi kitupwe, kipi kina siri na kipi ni ganda, ndiyo elimu iliyookoa kazi nyingi za mikono pale viwanda vilipoziingilia. Fundi cherehani wa mtaa wetu hakufuma kitambaa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba si fundi.

Mimi naona zaidi ya hapo. Tangu siri ilipohamia kwenye chipu, kava ndilo eneo lililobaki ambalo mtu wa Rumonge anaweza kuliamulia mwenyewe. Hawezi kuliamuru gari limtambue, lakini anaweza kuamua kitu kinachotambuliwa kivae nini, kidumu vipi, kikae vipi mkononi. Kijana anayebonyeza kitufe mbele ya wenzake ili ulimi uchomoke anaonyesha umiliki wa sehemu ndogo iliyobaki kuwa yake. Tukimcheka, tumcheke kwa upole.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba historia ya ufunguo ni historia ya mahali siri inapokaa. Ilikuwa kwa watu, rugo lilipolindwa na waliolala ndani yake. Ikaingia kwenye umbo la chuma, na fundi wa tupa akawa na uwezo juu yake. Tangu miaka ya 1990 imeingia kwenye namba, na uwezo huo ukaenda viwandani. Kwenye kila hatua swali lililomkabili mtu wa mwambao huu lilikuwa lilelile: ninachoshika mkononi, je, bado kinatambuliwa upande wa pili wa mlango?

Tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimepata nafasi kubwa zaidi shuleni na vyuoni, na tunahimizwa kukitumia katika sayansi. Istilahi za sayansi hiyo zimekwisha kuanza kutumika kando ya barabara: kava, chipu, ulimi, bega, kuifundisha gari ufunguo mpya. Napendekeza walimu na wanafunzi wenzangu tuzikusanye kutoka kwa mafundi wenyewe, wakiwa hai na vibanda vyao vikiwa wazi, kabla magari yasiyotumia ufunguo kabisa hayajafika na kuufanya msamiati huo nao kuwa wa makumbusho.